Vimentini na ulimi wa mvuvi: niliyojifunza kwenye maabara ya Mwanza

Nyama nyingi zinazofika kwenye dirisha letu, yaani vipande vilivyokatwa kwa wagonjwa ili vipimwe, huletwa na ndugu wa mgonjwa. Mtoto, shemeji, jirani aliyekuwa anakuja mjini kununua bidhaa, wakati mwingine mgonjwa mwenyewe na kopo lake mkononi. Wanatoka Sengerema, Magu, Misungwi, Ukerewe, Geita. Mtu anakabidhi kopo na fomu iliyokunjwa mara nne, halafu anauliza swali lile lile: majibu lini? Mimi ni mteknolojia wa maabara upande wa histopatholojia. Kazi yangu ni kuigeuza ile nyama iwe slaidi. Anayeisoma na kutia saini ni daktari wa patholojia. Majibu si yangu kuyatoa. Lakini ukikaa miaka kwenye meza ya kukata na kupaka rangi, ukawa ndiye wa kwanza kuchungulia kwenye hadubini kuona kama rangi imeshika, kuna mambo yanakuingia hata bila kuyatafuta.

Mojawapo ni habari ya protini iitwayo vimentini. Nitaieleza kwa njia niliyoijua mimi, maana vitabu huanza na seli, na mimi nilianza na kopo.

Makopo yana visa vyake. Nimepokea vinyama ndani ya maji ya dripu, ndani ya spiriti, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi yenye shingo nyembamba: nyama iliingia ikiwa laini, ikakakamaa humo ndani, haikutoka mpaka chupa ilipovunjwa. Kinachotakiwa ni fomalini ya asilimia 10, nyingi kiasi cha kufika mara kumi ya ujazo wa nyama yenyewe. Fomalini huzifunga protini pale pale zilipokuwa wakati nyama inakatwa, zisioze wala zisihame. Ikichelewa kuingia, nyama huanza kujila yenyewe kutokea katikati. Ikikaa humo muda mrefu mno, protini hufungamana mpaka kingamwili tunazotumia kuzitafuta zikose pa kushika. Mwongozo unaojulikana wa vipimo vya saratani ya matiti unataka saa 6 hadi 72, nasi tunajitahidi kuufuata kwa nyama nyingine pia. Sasa niambie: kinyama kilichokatwa Ijumaa mchana kisiwani, kikasubiri kivuko, kikalala kwa shangazi Kirumba Jumamosi na Jumapili kwa sababu dirisha letu hufunguliwa Jumatatu, kimekaa saa ngapi? Fomu haisemi. Na aliyekileta hajui, yeye alipewa kopo tu.

Ndipo nilipokutana na vimentini, wala saratani haikutajwa. Daktari wetu wa patholojia, mtu mzima anayependa kufundisha akiwa amesimama, alikuta nimeandika kwamba kipimo fulani kimekataa kushika rangi. Akasema, "Kabla hujaniambia kimekataa, nionyeshe mishipa ya damu." Vimentini ipo kiasili kwenye seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu, kwenye fibroblasti zinazoishikiza nyama ya mwili, na kwenye chembe nyeupe za damu. Hakuna kipande cha ulimi wala shavu kisicho na mishipa ya damu. Kingamwili ikishika, mahali pale hugeuka kahawia; isiposhika, hubaki bluu. Kwa hiyo ukipaka kingamwili ya vimentini na hata mishipa isigeuke kahawia, mgonjwa hana la kujibu hapo. Ama nyama iliharibikia njiani, ama sisi hatukuichemsha vizuri.

Ndiyo, tunaichemsha. Vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4 vikishabandikwa kwenye kioo huchemshwa kwenye maji yenye sitreti ili vifungo vya fomalini vilegee na kingamwili zipate njia. Mbinu hii imejulikana tangu 1991, na unaweza kuifanya kwa sufuria ya presha ile ile ya kupikia maharage. Umeme ukikatika katikati, anza upya.

Kwa muda mrefu basi, kwangu mimi vimentini ilikuwa ya kunieleza kopo lilisafirije, si ya kunieleza mtu anaumwa nini. Mishipa kahawia, nyama nzima, endelea. Mishipa imepauka, piga simu kule ilikotoka.

Chuoni tulikuwa tumepewa kanuni nyepesi, na kwenye mtihani ilitupatia maksi. Keratini ni ya seli za tandiko: ngozi ya nje, utando wa kinywa, wa koo, wa utumbo. Vimentini ni ya seli za nyama unganishi. Uvimbe wenye keratini ni kasinoma; wenye vimentini ni sakoma. Kwenye lugha ya dirishani zote ni kansa, lakini tiba zake haziko sawa, kwa hiyo kanuni hiyo si ya kudharau. Kanda ya Ziwa ina kazi zaidi, maana hapa taya la mtoto likivimba tunafikiria mapema limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya maji haya haya. Hiyo ni saratani ya chembe nyeupe, haina keratini. Mtu mzima mwenye kidonda ulimini ni habari nyingine. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia kwenye utando wa juu, kwenye seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na humo keratini imejaa. Unapaka keratini, inashika kahawia, umemaliza.

Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka ulipoletwa ulimi wa yule mvuvi.

Mgonjwa alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mvuvi wa dagaa. Kinyama kilitoka ubavuni mwa ulimi, na aliyekileta ni binti yake. Alikaa kwenye benchi letu muda mrefu kwa kuwa gari la kurudi kwao lilikuwa la jioni, tukaongea. Alinisimulia safari ya kidonda hicho jinsi watu wengi wanavyosimulia. Kilianza kama mchubuko. Wakasema ni jino linamkwaruza, jino likang'olewa mahali fulani, kidonda kikabaki. Akapewa dawa ya kusukutua, kikabaki. Akapewa vidonge vya kuua vijidudu, kikabaki. Mganga mmoja akampa unga wa kupaka, kikatoa maji kisha kikabaki. Baba alikuwa mtu wa ugoro tangu ujana, anauweka chini ya ulimi usiku kucha wakiwa na karabai ziwani, na pombe kali haikuwa mbali.

"Kaka, yeye anasema akiacha ugoro kitapona."

Nilimwambia kuacha aache, tena leo. Ila kidonda ambacho hakikupona kwa dawa zote hizo hakitangoja ugoro uishe mwilini. Utando wa ndani ya shavu hujibadilisha wote kwa wiki mbili au tatu hivi, ndiyo maana kidonda cha kawaida mdomoni hufunga upesi kuliko cha mguuni, na ndiyo maana kilichopitisha wiki tatu hakina kisingizio. Kuhusu ugoro wenyewe sikumficha. Tumbaku ikikaushwa na kuchachushwa hutengeneza kemikali za jamii ya nitrosamini, na hizo zinajulikana wazi kuwa zinasababisha saratani. Magadi yanayochanganywa huifanya nikotini ipenye haraka zaidi, mtu anakolea, anarudia. Pombe ikiongezwa juu yake, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Binti akanyamaza kidogo, akasema na babu yake alitumia akafa mzee sana. Kwa hilo sikuwa na la kubishana. Wako wanaotumia na hawapatwi.

Slaidi ya kwanza, ile ya rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, haikuwa na fumbo. Katikati ya uvimbe kulikuwa na visiwa vya seli kubwa zenye viini visivyolingana, na ndani ya visiwa kulikuwa na zile lulu za keratini, miduara ya waridi ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaitambua. Ni saratani, na imeshavuka utando wa msingi, mpaka wa chini wa tandiko. Daktari angeweza kuandika majibu hapo hapo. Lakini kulikuwa na kitu upande wa chini wa kipande, upande unaotazama misuli ya ulimi, kilichomfanya aombe slaidi mbili zaidi: moja ya keratini, moja ya vimentini.

Nilizipaka mchana ule. Kwanza nikatazama mishipa, kama nilivyofundishwa. Kahawia nzuri kabisa. Yeyote aliyekifunga kile kinyama kule alijua kazi. Kisha nikatazama visiwa vya saratani: bluu tupu, vimentini haimo. Sawasawa na kanuni ya chuo. Nikateremka mpaka chini. Pale visiwa vilikuwa vimekwisha, na badala yake zimebaki seli tatu tatu, nne nne, na nyingine peke yake kabisa, zimepenya katikati ya nyuzi za misuli. Zilikuwa kahawia. Nikajua ni fibroblasti, maana nazo ni kahawia na kwa umbo la urefu-urefu zinafanana. Nikaweka slaidi ya keratini, kipande kilichokatwa kikifuatana na kile cha kwanza, nikatafuta mahali pale pale. Kahawia tena. Fibroblasti haina keratini. Zile zilikuwa seli za utando wa ulimi, na zilikuwa na protini zote mbili.

"Hizi nini, Dokta?"

"Hizo ndizo zinazosafiri," akasema, akavuta kiti kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Seli ya kawaida ya utando wa kinywa haiendi popote. Ndani yake kuna nyuzi za keratini zenye unene wa nanomita 10 hivi, zimetandazwa kutoka kwenye kiini hadi pembezoni. Pembezoni zinashikizwa kwenye vifundo viitwavyo desmosomu, na upande wa pili wa kifundo zimeshika nyuzi za seli jirani. Yule binti wa mvuvi angelielewa hili upesi kuliko nilivyolielewa mimi, kwa kuwa ni wavu: uzi mmoja hauzuii kitu, kinachozuia ni mafundo. Ugali wa moto, mfupa wa sato, jino lenye ncha, vyote huuvuta utando bila kuupasua, maana mvuto unaoiangukia seli moja hugawanywa kwa majirani. Chini kabisa kuna utando wa msingi, uliojengwa kwa kolajeni ya aina ya 4 na laminini, unaotenga tandiko la juu na nyama ya chini. Maadamu seli zimebaki juu ya utando huo, hata ziwe zimeharibika vipi, saratani vamizi bado haijawa.

Keratini nazo si moja. Utando wa shavu wenye afya una keratini ya 13 kwenye tabaka za juu; pale unapoanza kuharibika, hiyo hupotea na keratini ya 17 hujitokeza. Wataalamu wa Japani wamezitumia hizo mbili kwa pamoja kutofautisha kidonda cha kawaida na kile kinachoelekea kubaya. Hapa kwetu sijawahi kuziona mezani; kila kingamwili ina bei yake, na tunanunua zile zitakazotumika kwa wagonjwa wengi.

Vimentini ni ya ukoo mmoja na keratini, unene ule ule, lakini tabia nyingine. Ni mnyororo wa asidi amino 466 unaojifunga na kujifungua upesi. Hupatikana kwenye seli zilizoumbwa kutembea, na seli inapojibana kupita kwenye upenyo mwembamba, nyuzi hizo hukizunguka kiini na kukikinga kisipasuke. Mwaka 1994 watafiti walizalisha panya wasio na vimentini kabisa. Wengi walitarajia balaa. Panya walizaliwa, wakakua, wakazaa. Miaka iliyofuata ndipo ikaonekana wanapungukiwa nini: wakijeruhiwa, vidonda vyao vinachelewa kufunga, kwa sababu fibroblasti haziendi mahali pa jeraha kwa kasi inayotakiwa.

Hapo ndipo akili yangu ilipotulia juu ya protini hii. Haikuumbwa kwa ajili ya saratani. Ni zana ya kufunga jeraha. Seli ya utando inapobadilika, ikaacha mafundo yake na majirani, ikajitengenezea vimentini na kuteremka kwenye nyama, haijabuni kitu kipya. Imechukua kazi ya mahali pengine na kuifanya mahali pasipo pake, na haina wa kuiambia basi, jeraha limefunga. Harold Dvorak aliandika kwenye jarida la tiba la New England mwaka 1986 kwamba uvimbe wa saratani ni kama jeraha lisilopona. Aliyasema kwa sababu za mishipa ya damu na protini zinazovuja kutoka humo, si kwa sababu ya vimentini, lakini mtu wa Nansio anayeshika shavu na kusema "kidonda changu hakiponi" hayuko mbali naye.

Kuhusu kubadilika huko kumeandikwa mengi tangu Elizabeth Hay na wenzake wa Marekani walipoonyesha, miaka ya 1980 mwanzoni, kwamba seli za tandiko zikizamishwa ndani ya kolajeni huacha umbo lao na kuanza kutambaa mojamoja. Kwa miaka ilidhaniwa seli ya saratani hubadilika moja kwa moja, leo keratini, kesho vimentini. Utafiti uliotoka 2017 ulichunguza seli moja moja, zipatazo 6,000, kutoka kwa wagonjwa 18 wa saratani za kichwa na shingo, hasa za kinywa. Ukaonyesha kwamba nyingi zinabadilika nusu tu: zinaongeza vimentini na laminini bila kutupa keratini, na ziko ukingoni, kwenye mpaka wa uvimbe na nyama nzima. Ukisoma maelezo yale ukiwa umeshaona ule ulimi, huhitaji mchoro.

Sasa nikwambie kwa nini haya yananihusu mimi wa kupaka rangi. Fomu ikirudi imeandikwa tu "vimentini: chanya", hayo maneno hayana maana. Chanya wapi? Kama ni kwenye mishipa, tumejua kopo lilitunzwa. Kama ni kwenye fibroblasti na chembe nyeupe zilizouzunguka uvimbe, tumejua mwili unahangaika, jambo ambalo hata kidonda cha jino hulifanya. Kama ni kwenye seli za saratani zenyewe, tena zile za ukingoni, hapo tunazungumza habari ya ugonjwa kuteremka. Rangi moja, kingamwili moja, mambo matatu. Nimeona watu wakihesabu asilimia ya kahawia kwenye slaidi nzima na kutoa hitimisho. Mimi sina imani na hesabu hiyo hata kidogo. Uvimbe unaweza kuwa bluu karibu wote na ukawa na uzi mmoja wa kahawia chini, na uzi huo ndio wenye habari.

Na kama aliyekata hakufika ukingoni, hakuna habari. Vinyama vingi vya kinywani hukatwa juu juu, katikati ya kidonda, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana vibaya na pia mgonjwa anaumia. Katikati ya kidonda mara nyingi kuna usaha na seli zilizokufa. Kinachofaa ni kuchukua pembeni, kipande chenye nyama nzima upande mmoja na kidonda upande wa pili, chenye kina cha kutosha kuona vinavyoendelea chini. Ukiniletea ganda la juu, nitakupakia rangi yoyote unayotaka, na haitakusaidia.

Vimentini haiamui tiba, nisije nikaeleweka hivyo. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu saratani ya kinywa kwa kuilenga. Ipo kemikali iitwayo withaferini A, kutoka kwenye mmea Withania somnifera, ambayo maabara zimeonyesha inajishika kwenye vimentini na kuivuruga. Mmea huo ndio huo unaouzwa mitandaoni kama unga wa ashwagandha. Nimeshaulizwa na ndugu wa mgonjwa, simu mkononi, kama anunue. Kilichofanyika kwenye seli za maabara na kwenye panya si unga wa kijiko kwenye uji wa mgonjwa wa saratani, na kila wiki ya kuujaribu ni wiki ambayo zile seli za ukingoni zinaendelea kushuka.

Kinachoamua ni vitu vya kupima kwa rula. Mfumo wa kupanga hatua za saratani ya kinywa ulipofanyiwa marekebisho, toleo la nane lililoanza kutumika 2018, uliongeza kina cha uvamizi: milimita 5, kisha milimita 10, ndiyo mipaka. Kabla ya hapo upana wa kidonda ndio uliotazamwa, na ndiyo maana kidonda kidogo kwa juu kilikuwa kinawadanganya watu. Kina hicho ndicho kinachomfanya daktari wa upasuaji atazame shingo hata kama hajaigusa tezi yoyote iliyovimba. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilichapisha 2015 matokeo ya kulinganisha wagonjwa waliosafishwa tezi za shingo mapema, pamoja na upasuaji wa kinywa, na wale waliosubiri mpaka tezi zijitokeze. Baada ya miaka mitatu walikuwa hai asilimia 80 ya wale wa kwanza na asilimia 67.5 ya wale waliosubiri. Si ajabu utafiti huo kutoka India. Kule ugonjwa huu ni mkubwa kwa sababu ya tumbaku ya kutafuna na popoo. Duniani kote, mwaka 2022 ulikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya karibu 390,000 wa saratani ya midomo na kinywa, na vifo kama 188,000.

Binti wa mvuvi alirudi kuchukua majibu. "Shikamoo kaka." Marahaba. Bahasha nilimpa imefungwa, naye akaishika bila kuifungua, akauliza kama imesambaa. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote ya dirishani, kwa sababu nilikuwa nimeziona zile seli tatu tatu kwenye misuli kwa macho yangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeziona, ndiyo maana sikumjibu. Seli iliyoko kwenye misuli ya ulimi haijasema lolote kuhusu tezi za shingo wala mapafu. Huko wanaangalia kwa mikono na kwa picha. Nilichomwambia ni kwamba apande kwa daktari leo leo, asirudi nyumbani na bahasha akasubiri kikao cha ukoo, na baba aje mwenyewe safari ijayo. "Baba mdogo ndiye anayeamua," akasema. Nikamwambia basi ampigie akiwa hapa hapa. Akapiga. Waliongea Kikerewe, sikuambulia kitu isipokuwa neno Bugando, jina la hospitali ya hapa Mwanza.

Walimfanyia upasuaji, ulimi ukapungua upande mmoja, shingo ikasafishwa. Mionzi alipata hapa hapa Mwanza. Kuna wakati mtu wa kanda hii alilazimika kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, akaishi huko wiki nzima nzima kwa ndugu au kwenye nyumba ya kupanga, na wako walioona bora wabaki na kidonda chao. Nasikia anaongea kwa kukokota na anakula laini. Ziwani hajarudi.

Tangu hapo daktari wetu wa patholojia na mimi tumekuwa wasumbufu kwa simu. Vituo vinavyotutumia vinyama vya kinywa tunawapa makopo yenye mdomo mpana, fomalini ikiwa tayari imewekwa, na fomu tumeiongezea mistari miwili. Wa kwanza: saa iliyokatwa nyama. Wa pili: imekatwa wapi hasa, na upande upi ni upi. Ulimi una mbele na nyuma, juu na chini, lakini kipande chenye ukubwa wa punje ya mahindi kikishakakamaa hakina chochote cha hayo. Tunaomba washone uzi mmoja kwenye ncha inayotazama mbele, ili nikiona kahawia chini ya hadubini, daktari wa upasuaji aambiwe ni upande gani wa ulimi wa mtu huyo akaongeze kukata.

Wiki iliyopita muuguzi mmoja wa visiwani alinipigia kuuliza uzi uwe wa rangi gani.

"Wowote ulionao, dada. Ila mweusi unaonekana vizuri kwenye fomalini. Na kwenye fomu andika umeshona wapi."

"Na saa niandike ya kukata au ya kuweka kwenye kopo?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikamwambia aandike zote mbili.